Pumzi za Chiriku

Jumatatu, 1 Septemba

Daftari hili nimepewa na nesi wa zahanati. Kurasa mbili za mwanzo zimechanwa, lakini zilizobaki zinatosha. Amenipa pia kidude cha plastiki, bomba fupi lenye mshale pembeni. Mtoto anapuliza kwa nguvu zake zote, mshale unasogea, nami naandika namba ulipogota. Kila asubuhi kabla ya chai.

"Uandike na siku ilivyokuwa," aliniambia. "Upepo, vumbi, moshi, mlichofanya. Usichague, andika tu."

Nikamwambia mimi ni dobi, mkono wangu umezoea sabuni kuliko kalamu. Akasema hajaona sabuni iliyomzuia mtu kuandika. Nesi huyu ana mdomo kama wangu, tutapatana.

Akaniuliza tunapikia wapi. Nje, nikasema, kwenye kibanda cha uani. Akaandika, akatikisa kichwa kuridhika.

Binti yangu ana miaka tisa na ana pumu. Jina lake la shuleni analitumia mwalimu tu. Sisi tunamwita Chiriku, kwa sababu huanza kuongea kabla hajafumbua macho, na mimi na baba yake tumeshasahau kama tuliwahi kuitwa kitu kingine zaidi ya Mama Chiriku na Baba Chiriku. Akiwa mzima anapuliza 240. Ikishuka chini ya 120 nisingoje kitu, nimbebe mbio.

Leo 220.

Jumanne, 2 Septemba

225. Jua. Nimepeleka mashuka.

Alhamisi, 4 Septemba

215. Upepo unatoka tanurini.

Nilieleze tanuri lenyewe, maana nimeambiwa nisichague. Zamani matofali yalichomwa ng'ambo ya mto. Mwaka huu mwenye tanuri amepata kiwanja nyuma ya nyumba zetu, hatua mia mbili hivi kutoka kamba zangu za kuanikia. Kuni zimeadimika, kwa hiyo wanachoma matairi makuukuu na oili chafu ya gereji. Moshi wake haupandi juu kama moshi wenye adabu. Unatambaa uani kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Halizimwi usiku wala mchana mpaka mvua zianze, kwa sababu likizimwa katikati matofali yote yanaharibika.

Anayelisha moto huo ni mume wangu. Tunakula kwa moto huo na kwa pasi yangu. Sina la kuongeza leo.

Jumatatu, 8 Septemba

220. Mashuka arobaini ya nyumba ya wageni, yote meupe.

Shuka halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja anashika pembe mbili huku, mwingine pembe mbili kule, mnavuta mpaka linanyooka, kisha mnaendeana, mnakutana katikati, mnapeana pembe. Chiriku amenisaidia kazi hii tangu mikono yake ilipofikia. Kila tukikutana katikati ananiambia habari moja ya shuleni. Mashuka arobaini, habari arobaini. Leo nimejua hata mwalimu wa hesabu ana soksi ngapi.

Ijumaa, 12 Septemba

210.

Msimamizi wa nyumba ya wageni amenirudishia mashuka yote. Ameyatandaza mezani mbele ya wageni akanionyesha kwa kidole: masizi, madoa madogo meusi kama kinyesi cha nzi, kila shuka. "Mama, mimi nilikupa mashuka ufue, au uyachafue?" Nikayakunja nikatoka nayo. Miaka kumi na moja ya udobi, sijawahi kurudishiwa hata foronya. Njiani nimelia, nikasema ni vumbi.

Jumatatu, 15 Septemba

220.

Nimehamishia kazi ndani. Tuna vyumba viwili, cha nyuma chetu na cha mbele cha Chiriku, na cha mbele ndicho kirefu. Nimefunga kamba nne kutoka ukuta hadi ukuta juu ya godoro lake. Madirisha nimeyafunga, mianya nimeiziba kwa matambara, na matundu ya hewa yaliyo juu nimeyabandika maboksi. Chini ya mlango nimekunja gunia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa masizi hayaingii kwenye mashuka, wala moshi hauingii kwenye kifua cha mwanangu. Nimeua ndege wawili kwa jiwe moja na nimejipongeza mwenyewe, maana hakuna mwingine wa kunipongeza.

Mashuka yanakauka kwa jiko. Nalikoleza nje kwanza mpaka mkaa uwe mwekundu wote, ndipo naliingiza. Mkaa uliokolea hauna moshi, muulize dobi yeyote. Na pasi yangu ni ileile ya mkaa. Chiriku amefurahi. Anasema chumba kimekuwa kama ndani ya mkate.

Jumanne, 16 Septemba

190. Moshi wa jana ulikuwa mzito nje. Mume wangu alirudi mweusi kama sufuria. Kichwa kinaniuma, nadhani ni jua.

Mashuka yamepokelewa. Hakuna doa.

Jumapili, 21 Septemba

220. Mungu anasikia.

Jumanne, 23 Septemba

180. Hasikii kila siku.

Alhamisi, 25 Septemba

195. Nimepiga pasi tangu saa nne.

Jirani yangu ni fundi cherehani, tunamwita Redio kwa kazi yake ya pili. Amekuja kuleta mashuka mawili aliyoyashona pindo. Hakukaa hata dakika tano.

"Mama Chiriku, humu ndani mbona pamekuwa hivi? Kichwa kimenianza sasa hivi. Hebu fungua dirisha moja, shoga yangu, mtoto apumue."

"Nifungue moshi wa tanuri uingie?"

"Basi hata mlango."

Nikamwambia yeye na ashone, mimi nipige pasi, na kila mtu ajue kazi yake. Akaenda zake. Sasa hivi mtaa mzima unajua kwamba Mama Chiriku anaishi kwenye chungu kilichofunikwa. Mtu ambaye nyumba yake imejaa vitambaa na panya anifundishe usafi mimi.

Jumanne, 30 Septemba

165. Mwezi mzima nimeandika, na namba inashuka.

Jana jioni Chiriku alikohoa mpaka akatapika chai. Baba yake akaingia wakati huohuo, na lile shati lake la kazini, linanuka tairi. Akataka kumshika mtoto. Nikasimama katikati yao.

Nitaandika nilichosema, kwa sababu nimeambiwa nisichague. Nilimwambia kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwambia anatoka huko kumwaga sumu, halafu anatuletea nyingine nyumbani mgongoni. Nilimwambia mtoto huyu akifa, muuaji wake nitamjua kwa harufu.

Mume wangu si mtu wa maneno. Shule hakwenda, hajui kusoma, anaweza kuandika jina lake tu na hulitazama kila mara kama la mtu mwingine. Alisimama pale mlangoni, mikono imening'inia.

"Unataka nifanye nini, Mama Chiriku?"

"Shati liishie kwenye ua. Uoge pipani, usafike mpaka kucha, ndipo uvuke mlango huu. Kila siku. Hata nyumba ikiwa inaungua."

"Sawa," akasema. Akatoka, akalitundika shati kwenye ua wa miti, akaoga, akarudi na kanga yangu kiunoni. Chiriku akacheka, akakohoa, akacheka tena.

Alhamisi, 2 Oktoba

190. Anaoga kweli. Namsikia akijisugua.

Ijumaa, 3 Oktoba

165.

Jumapili, 5 Oktoba

210. Nimeandika mimi Chiriku. Mama amelala mdomo wazi, akiamka atasema hakulala. Upepo hakuna. Baba amenibeba mpaka mtoni na kurudi. Nataka mvua ije nicheze nje.

Jumatatu, 6 Oktoba

200. Sikulala. Nilifumba macho tu.

Jumanne, 14 Oktoba

150.

Nimempeleka zahanati. Wapo watoto kumi na wawili kwenye benchi, wote wa upande wetu wa tanuri, wote wanahema kama waliokimbizwa. Nesi ana macho mekundu. Ameandika barua kwa wakubwa mara tatu kuhusu tanuri, hajajibiwa. Ameongeza dawa ya kuvuta, kichupa kidogo cha bluu. Akaniambia, "Moshi wa nje ukizidi, mfunge madirisha."

Nikamwambia nimeshafunga mwezi mzima. Akanisifu. Nilitembea kurudi nyumbani kichwa juu.

Nimeongeza matambara kwenye dari.

Alhamisi, 16 Oktoba

175. Hakuna mvua. Shuleni haendi tena, ngazi zinamshinda.

Ijumaa, 17 Oktoba

145.

Jumatatu, 20 Oktoba

190.

Baba Chiriku ameacha kazi. Hakuniambia. Alirudi saa tano asubuhi, akaoga, akaingia, akakaa chini kando ya godoro la mtoto akaanza kumtengenezea gari kwa kopo la sabuni yangu. Nikamuuliza vipi leo. Akasema, "Nimemwambia mwenye tanuri atafute mtu mwingine wa kuua watoto." Nilichomwambia mwezi uliopita alikuwa amekibeba chote, neno kwa neno. Kesho anaanza kuchimba mitaro ya barabarani.

Nilitaka kumwambia kitu kizuri. Nikamwambia asogeze mguu, nipitishe jiko.

Ijumaa, 24 Oktoba

140.

Siku nne hajagusa tanuri, na namba inashuka. Nimemwambia masizi yamemwingia mifupani, yatachukua muda kutoka. Akaitikia. Ameongeza kuoga, sasa anaoga mara mbili. Kichwa changu kinauma kuanzia mchana hadi nilale. Mvua hakuna.

Jumapili, 26 Oktoba

200.

Jumanne, 28 Oktoba

135.

Chiriku haongei sana siku hizi. Si kwamba hana la kusema. Anaona kila neno lina uzito wake, anachagua. Jana tukikunja mashuka alikuja katikati, akanipa pembe zake, akatabasamu, akarudi. Shuka la pili, hivyohivyo. Mashuka thelathini na mbili bila habari hata moja. Mimi ndiye niliyeanza kumsimulia, vitu vya uongo, kwamba msimamizi wa nyumba ya wageni amelala kwenye shuka lenye siafu. Mimi sijui kunyamaziwa na mtoto huyu.

Jumapili, 2 Novemba

195. Mawingu. Redio amepita, akasema mgongo wake unamwambia mvua ni kesho. Kwa mara ya kwanza nimemkaribisha chai.

Jumatatu, 3 Novemba, asubuhi

190. Mvua.

Imeanza alfajiri na haijasita. Tanuri limezama. Nimetoka uani bila kujifunika nikalitazama linavyotoa mvuke, kisha hata mvuke ukaisha. Hewa inanuka udongo. Chiriku amesimama mlangoni amenyoosha mikono nje, anacheka bila sauti. Tumefika.

Mashuka ni mengi, ya Jumamosi na ya leo. Nawasha majiko mawili.

Ijumaa, 7 Novemba

Chiriku amefariki Jumatatu saa tisa alasiri. Tumemzika Jumanne.

Nitaandika. Nesi alisema nisichague.

Mvua ilikuwa inapiga upande wa dirisha, nikahakikisha kila tambara liko mahali pake, maji yasiingie. Majiko mawili nimeyakoleza kibandani, nikayaingiza yakiwa mekundu, safi, hata chozi halikutoka. Yeye yuko kwenye godoro chini ya mashuka. Aliniambia, "Mama. Mvua inaongea. Kuliko mimi." Akapumzika katikati ya kila neno. Nikamwambia ngoja ipumzike, utaipiku. Baadaye akasema kichwa. Nikamwambia hata mimi, lala kidogo. Akalala.

Miguu yangu ikawa mizito. Nikadhani ni uchovu, nikakaa chini na pasi mkononi. Sikumbuki kuiweka juu ya shuka.

Mitaro ilijaa maji, kwa hiyo mume wangu alirudi mapema. Ninajua alifika lini, kwa sababu nilimsikia. Nilisikia shati likitupwa juu ya ua. Nilisikia kopo likiingia kwenye pipa, mara moja, mara mbili, mara nyingi. Nilitaka kumwita na ulimi haukutaka. Alikuwa anaoga. Mvua yote ile inamnyeshea, na yeye anaoga, anasugua kucha, kama nilivyomwagiza. Ndipo akaingia.

Alinikuta sakafuni na shuka linaungua. Alimkuta yeye na midomo yake imebadilika rangi. Akamfunga mgongoni kwa shuka la nyumba ya wageni akakimbia. Mimi nilimfuata nikishika kuta. Huko nje hewa ilikuwa nzuri, sijawahi kuvuta hewa nzuri kama ile.

Nesi alifanya kila kitu. Kisha akaacha.

Mume wangu alikaa kwenye benchi la zahanati. "Ni mimi," akamwambia nesi. "Nimemletea moshi miezi miwili. Leo pia nimechelewa, nilikuwa naoga." Akaniangalia nimkubalie. Nikamwachia maneno yale. Nilikuwa naamini.

Jumatano, 12 Novemba

Nimerudisha kidude na kichupa. Nilitaka kuviacha mezani nitoke, lakini nesi akaomba daftari. Akalisoma lote mbele yangu, polepole, kidole kwenye namba. Akarudi mwanzo akasoma tena.

"Tanuri lilikuwa likizimwa Jumapili?"

"Halizimwi. Nimeandika."

"Mbona kila Jumapili namba imepanda?"

Akageuza ukurasa.

"Na kila Jumanne na Ijumaa imeshuka. Asubuhi. Jumatatu na Alhamisi mlikuwa mnafanya nini, mama?"

"Napiga pasi."

"Wapi?"

Nilijua kabla sijafungua mdomo. Nadhani nilijua tangu nilipokuwa sakafuni nikisikia kopo, nikakataa kujua. Nikamwambia: ndani, madirisha yamefungwa, mkaa umekolea. Nikamwambia mkaa wangu hauna moshi.

"Hauna moshi," akasema. "Una hewa isiyoonekana wala kunuka, na hiyo ndiyo mbaya zaidi." Akafunga daftari. "Nilikuuliza mnapikia wapi. Sikukuuliza mnapiga pasi wapi. Na mimi ndiye niliyekuambia ufunge madirisha."

Akasema kifua kile kilikuwa kimeshachoshwa na tanuri, nisijibebeshe lawama peke yangu. Akasema na mwingine angefanya vilevile. Anasema kweli, na haisaidii. Nyufa zote niliziba mwenyewe, kwa mikono yangu, na nikajipongeza.

Redio aliniambia nifungue dirisha. Tarehe 25 Septemba, nimeandika hapo juu, pamoja na jibu langu.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua.

Ijumaa, 14 Novemba

Mvua. Nimemwona mume wangu anarudi kutoka mitaroni. Amelitundika shati kwenye ua, ameoga pipani, amesafisha kucha, ndipo akavuka mlango. Hakuna mtoto ndani. Hajaniuliza aendelee mpaka lini.

Jumamosi, 15 Novemba

Jiko lilikuwa linawaka kibandani na daftari lilikuwa mapajani mwangu. Yeye hajui kusoma. Redio hajui kilichomo. Nesi hatasema. Nilikaa nalo mpaka mkaa ukawa majivu.

Jumapili, 16 Novemba

Baada ya chakula cha mchana nilimwambia akae, namsomea.

"Nini?"

"Daftari la Chiriku."

Nimesoma tangu Septemba mosi. Sikuruka kitu. Nilisoma majiko, matambara, maboksi, gunia. Nilisoma niliyomwambia mlangoni, neno kwa neno. Nilisoma alivyoacha kazi, na kwamba nilimwambia asogeze mguu. Nilisoma kopo na pipa. Nilisoma ya nesi, kwamba kila Jumanne na Ijumaa, na ya jana, jiko linawaka na daftari mapajani. Nikamwambia hapo ndipo mwisho wa maandishi, na kwamba halikuwa shati lake.

Alikuwa anatazama sakafu, mahali shuka lilipoungulia. Mvua ilikuwa imesita. Madirisha yote yalikuwa wazi na matambara nimeyatupa, lakini huo ni usafi wa bure sasa.

"Ile aliyoandika yeye," akasema. "Isome tena."

Nikasoma: 210. Nimeandika mimi Chiriku. Mama amelala mdomo wazi, akiamka atasema hakulala. Upepo hakuna. Baba amenibeba mpaka mtoni na kurudi. Nataka mvua ije nicheze nje.

"Tena."

Nikasoma mara tatu. Mara ya nne alitembeza kidole chake juu ya mistari, nikamshika mkono nikamwekea kwenye neno Baba.

Akanyanyuka akatoka. Nilidhani anaondoka, na ningemwacha aondoke, ni haki yake. Alikwenda kwenye ua, akalishusha lile shati, akalivaa likiwa limelowa, akaingia nalo ndani. Tangu tarehe 30 Septemba hajawahi kuvuka nalo mlango. Akakaa sakafuni karibu nami, bega lake likanigusa. Nilingoja aseme neno lolote, hata baya. Shati lilikuwa linanuka mvua tu.